Deki ya kaseti ya gari: kuisafisha, kuirekebisha na kuitunza

Deki nyingi za kaseti zinazong'olewa kwenye magari na kutupwa zilikuwa chafu tu, hazijafa. Mwenye gari husikia sauti inafifia, trebo (zile sauti nyembamba za juu) inapotea, mwimbaji anaimba kama kafunikwa blanketi. Baadaye kaseti moja inatafunwa, halafu ya pili, na hukumu inatoka: redio imekufa, nunua ya skrini. Kumbe ilichohitaji ni pamba, spiriti safi na mtu mwenye subira.

Kuna sababu za kuihifadhi, mbali na mapenzi ya vitu vya zamani. Magari mengi yaliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani yalikuja na redio za kwao, ambazo FM yake inaanzia 76 na kuishia 90. Stesheni zetu zinapanda hadi 108. Usipofunga kile kikasha cha kubadilisha masafa, stesheni nyingi hupati ng'o. Kwenye gari la namna hiyo kaseti ndiyo kazi hasa ya redio. Na kama nyumbani kuna boksi la kanda za taarabu, kwaya, mawaidha au zilizopendwa zilizorekodiwa redioni, ambazo hata ukitafuta mtandaoni huzioni, deki nzima ni mali.

Nitakwenda kwa mpangilio wa gharama na hatari: kwanza yale yasiyohitaji bisibisi, kisha ya kufungua redio, mwisho yale ambayo ukiyagusa bila sababu unaweza kuharibu kilichokuwa kizima. Wengi huishia hatua ya kwanza, na hiyo ndiyo heri.

Kinachozunguka mle ndani

Utepe wa kaseti una upana usiofika milimita 4, na hupita mbele ya hedi, kile kichwa kidogo kinachosoma sauti kwenye utepe, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, tangu Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963 hadi leo. Mwendo huo unashikiliwa na vitu viwili: mhimili mwembamba wa chuma unaong'aa, na rola ya mpira mweusi inayoukandamiza utepe kwenye mhimili huo. Mhimili unazunguka, rola inafuata, utepe unavutwa katikati yao. Mbele yake kuna kizungushio chenye meno, kile kinachoingia kwenye tundu la kaseti, kazi yake kukusanya utepe uliokwisha kupita.

Utepe umepakwa unga wa oksidi, na unga huo hupukutika kidogo kidogo. Ukichanganyika na vumbi la barabara huganda kuwa utando wa kahawia. Ukiganda kwenye hedi, utepe haugusani nayo sawasawa, na trebo ndiyo ya kwanza kupotea. Ukiganda kwenye rola, mpira unapata ngozi inayoteleza au inayonata. Ikiteleza, sauti inayumba. Ikinata, rola inaushika utepe na kujiviringishia yenyewe wakati ulitakiwa uende kwenye kizungushio. Hapo ndipo kanda inapotafunwa. Watu huilaumu hedi, wengine huilaumu kaseti, lakini mara nyingi mkosaji ni rola, au kizungushio kilicholegea kiasi cha kushindwa kuuvuta utepe kwa wakati.

Deki nyingi za gari hujigeuza zenyewe, upande A ukiisha zinapiga B bila wewe kutoa kaseti. Hizo zina mihimili miwili na rola mbili, moja kila upande wa hedi. Likumbuke hilo, maana linarahisisha sana kupima.

Pima kabla ya kugusa

Washa redio ya kawaida, si kaseti, hata kama ni AM. Spika zote zikilia vizuri kwenye redio lakini kaseti inalia upande mmoja tu, tatizo liko kwenye hedi au waya zake. Spika ileile ikiwa bubu hata kwenye redio, acha deki. Shughulika na spika na waya zake, utajiokolea kazi ya bure.

Halafu weka kaseti unayoijua kuwa ni nzima, ambayo hutalia ikipotea. Usijaribie kanda ya pekee ya harusi ya wazazi. Sikiliza pande zote mbili.

Sauti imefifia pande zote: hedi chafu. Sauti imefifia kwenye kaseti moja tu, nyingine ziko sawa: kaseti hiyo ilirekodiwa na mashine ambayo hedi yake ilikaa mshazari, au utepe wake umechoka. Sauti inayumba, inapanda na kushuka kama redio yenye betri zilizokwisha: rola, au belti, ile pete ya mpira inayovutwa na mota. Deki inatafuna ikipiga mwelekeo mmoja tu, mwingine iko salama: rola ya mwelekeo ule. Deki inajigeuzageuza yenyewe kila baada ya sekunde chache: haina wazimu, imehisi kizungushio kimesimama na ikadhani kanda imeisha. Hiyo ni belti iliyolegea, au kaseti yenyewe imekaza ndani.

Jaribu na kaseti ya pili na ya tatu kabla ya kuamini jibu la kwanza.

Vifaa

Kitu cha maana kuliko vyote ni spiriti, na hapa ndipo watu huharibu. Bora ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Wauzao vipuri vya elektroniki na vifaa vya maabara huwa nayo, Kariakoo kwa Dar, Luthuli kwa Nairobi. Spiriti ya duka la dawa inaweza kufaa au isifae, kwa sababu baadhi huchanganywa na mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi ya mgonjwa. Mafuta hayo kwenye rola ni balaa. Ijaribu hivi: dondosha tone moja kwenye kioo safi, liache likauke lenyewe, kisha kiinamishe kioo kwenye mwanga. Kikibaki safi, itumie. Kikibaki na duara la ukungu au unyevunyevu wa mafuta, hiyo ni ya vidonda. Jeli ya kutakasia mikono haifai hata kidogo. Petroli, thina na dawa ya kuondoa rangi ya kucha zinakula plastiki na mpira.

Tafuta pia vijiti vya pamba vya masikio, vile vilivyosokotwa vikakaza, maana vinavyovuja nyuzi vitaacha uzi umejizungusha kwenye mhimili. Kwa deki yenye mdomo mrefu, kijiti cha mishikaki chenye pamba iliyofungwa vizuri kwenye ncha kinafika pale kijiti cha masikio kisipofika. Tochi ndogo. Sabuni ya vyombo kidogo na maji. Kibano cha plastiki au cha mti; vya chuma viweke mbali na hedi, kwa sababu vinakwaruza, na vingi vina usumaku.

Kama utafungua redio, ongeza bisibisi ya nyota, spana namba 10 na simu ya kupigia picha.

Kusafisha bila kufungua

Njia nyepesi kabisa ni kaseti ya kusafishia. Ziko za aina mbili. Ile kavu ina utepe wenye ukwaruzo unaosugua hedi; inasafisha kweli, lakini kila ukiipitisha inakula kidogo, kwa hiyo sipendi kuiona kwenye gari ikitumika kila wiki. Ile ya majimaji ina vipande vya kitambaa unavyovidondoshea spiriti, na baadhi zina vijimkono vinavyosugua hedi na rola pamoja. Hiyo ndiyo ya kununua ukiikuta. Ikaguliwe kwanza: kitambaa kikiwa kimeota unga au kimekuwa kigumu kwa kukaa dukani miaka mingi, hakitasafisha chochote.

Usipoipata, fanya kwa mkono. Zima gari, toa ufunguo. Inua kile kifuniko cha mdomo kwa kidole, mulika tochi. Kwenye deki zinazomeza kaseti kwa upande mfupi, hedi huwa ubavuni, mara nyingi kulia. Kwenye zile zinazomeza kwa upande mrefu iko mbele yako, ndani kabisa. Utaijua kwa uso wake mdogo unaong'aa, wenye mistari myembamba katikati. Lowesha kijiti kwa spiriti, kikamue kisidondoshe, halafu ipanguse hedi kwa kuelekea kule utepe unakopita, si juu na chini. Kijiti kikitoka na rangi ya kahawia, kitupe, chukua kingine. Rudia hadi kitoke cheupe. Usirudishe kijiti kichafu kwenye chupa.

Kisha mhimili. Huo ni chuma, spiriti haiudhuru, uzungushe ukiusugua hadi ung'ae mzunguko mzima. Mara nyingi utakuta pete ya kahawia katikati, imeganda kama rangi. Usiikwangue kwa kisu. Iloweshe spiriti, subiri, sugua tena.

Rola ina utaratibu wake. Spiriti ikitumika mara kwa mara hukausha mpira na kuupasua, kwa hiyo anza na maji yenye tone la sabuni ya vyombo, sugua huku unaigeuza kwa kijiti, kisha pitisha kijiti cha maji matupu kuondoa sabuni. Uchafu ukigoma, hapo ndipo utumie spiriti kidogo sana na ufute mara moja. Rola safi ni nyeusi isiyong'aa. Ikiwa inang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi, bado ina ngozi, endelea.

Acha mdomo wazi dakika kumi hivi vyote vikauke kabla ya kuingiza kaseti. Utepe ukikutana na unyevu utanata, na utakuwa umetengeneza tatizo uliloanza kulitibu.

Ikishika kaseti na kugoma kuitoa

Silika ya kila mtu ni kuvuta. Usivute. Zima redio papo hapo, usibonyeze kupeleka mbele wala kurudisha nyuma, kwa sababu mota itazidi kuviringisha. Bonyeza kitufe cha kutoa mara moja. Kaseti ikitoka na utepe ukabaki ndani, ishike karibu na mdomo wa deki bila kuunyoosha utepe, mulika, na utafute ulikojizungusha. Karibu kila mara ni kwenye rola au kwenye mhimili. Kwa kijiti cha mti, izungushe rola kinyume taratibu na uulegeze mzunguko mmoja mmoja.

Ikishindikana kabisa, kata utepe kwa mkasi mahali unapofikika. Kipande cha sekunde chache kikipotea, kanda nzima imepona. Ukiuvuta kwa nguvu utaurefusha, na utepe uliorefuka hauponi. Bila kukata utepe, huenda ukalazimika kuitoa redio nzima, na hilo pia ni bora kuliko kuingiza kisu mle ndani.

Utepe uliotoka salama lakini umejikunja, unyooshe kwa vidole safi, kisha ukaze kwa penseli yenye pembe sita au kalamu ya Bic kwenye tundu la kaseti, ukizungusha polepole huku ukiangalia usijipinde ndani ya dirisha. Kuunga utepe uliokatika: lalisha ncha mbili juu ya kioo, zikate kwa mshazari zote mbili kwa pamoja ili zikutane bila kupishana, na ubandike utepe wa gundi wa kuungia kanda upande wa nyuma, yaani ule unaoelekea katikati ya kaseti. Upande wa nje ndio unaogusa hedi, usiuguse. Selotepu ya kawaida itakuvusha siku ile ya kunakili tu. Gundi yake hutoka pembeni kwa joto na kuunatisha mzunguko wa juu na wa chini yake. Ukiunga kwa selotepu, nakili kanda hiyo upesi.

Kuitoa redio kwenye dashibodi

Kama usafi wa mdomoni haukutosha, au deki inajigeuzageuza, hakuna njia ila kuifungua.

Kabla ya yote, chunguza kama redio yako ina namba ya siri. Baadhi ya redio za kiwandani, Honda kwa mfano, zikikatiwa umeme hukataa kuwaka hadi uingize namba hiyo. Itafute kwenye vitabu vya gari kwanza. Ukiwa na uhakika, fungua nguzo ya hasi ya betri.

Redio nyingi za kununua zina ukubwa mmoja wa milimita 180 kwa 50, na hushikiliwa na fremu ya bati yenye ndimi. Unachomeka vipande viwili vya bati kwenye nafasi za ubavuni, ndimi zinaachia, unavuta. Za kiwandani za Toyota ni pana zaidi, milimita 200, na hufungwa kwa boliti ubavuni baada ya kubandua urembo wa dashibodi. Urembo huo ni plastiki ya miaka. Ukiubandua asubuhi na mapema, ikiwa baridi, utavunjika. Fanya gari likiwa limepata joto kidogo, na utumie bapa la plastiki au kijiko cha mti.

Piga picha ya nyuma kabla ya kuchomoa waya wowote. Kwenye redio za kununua, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni hasi, na jozi za spika huwa nyeupe, kijivu, kijani na zambarau. Za kiwandani hazifuati rangi hizo, ndiyo maana picha inakuhusu. Nyuma hapo kuna fyuzi pia. Itazame, nimeona redio ikisafishwa ndani na nje kumbe fyuzi ilishakatika siku nyingi.

Usafi wa ndani

Kifuniko cha juu hushikwa na skrubu chache. Ziweke kwenye kifuniko cha chupa, ukizipanga kama zilivyokuwa, kwa sababu urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu ikikaa pasipo pake hugusa sakiti.

Hedi inaweza kuwa imejirudisha nyuma mahali usipoifikia, kwa kuwa huja mbele kaseti ikiingia tu. Hila ya mafundi ni hii: chukua kaseti mbovu iliyofungwa kwa skrubu tano, ifungue, toa utepe na kila kitu kilichomo, kata sehemu ya ganda inayofunika hedi na rola, kisha ifunge tena ikiwa tupu. Iingize. Deki itadhani imepata kanda, hedi itakuja mbele, mhimili na rola vitazunguka mbele ya macho yako. Redio ichomeke kwenye waya zake, nguzo ya betri irudishwe, iwe juu ya kitambaa kikavu kitini, sauti iwe chini kabisa. Sasa unaweza kuigusisha rola kijiti kilicholowa ikiwa inazunguka, na itajisafisha mzunguko mzima. Kiguse upande ambao rola inaachana na mhimili. Ukikipeleka upande inakoingia, pamba itavutwa ndani.

Kwa jicho la karibu, iangalie hedi. Ikiwa na mtaro unaoushika ukucha mahali utepe unapopita, imelika. Usafi hautairudisha, na kupata hedi mpya ya deki ya gari ni shida. Hapo tafuta deki iliyokufa ya aina ileile ukatoe yake.

Rola iliyokakamaa inaweza kuamshwa kwa msasa laini, namba 600 kwenda juu, lakini iwe imetolewa kwenye deki, isuguliwe kidogo tu na kwa usawa pande zote, kisha ioshwe. Msasa ndani ya deki ni kumwaga unga wa mpira na mchanga kwenye mota.

Grisi ya zamani huganda na kuwa kama gundi. Kiingizio kinapanda kwa kusuasua, kitufe cha kutoa kinabonyezwa mara tatu. Iondoe kwa spiriti, paka grisi nyeupe kidogo sana kwenye reli na meno. Tone moja la oili ya cherehani, kwa ncha ya sindano, kwenye kijiekseli cha rola linatosha kwa muda mrefu. Likivuka na kugusa mpira au mhimili, umerudi mwanzo. Zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu zisikaribie deki kabisa, kwa sababu haziendi mahali pamoja, zinatawanyika.

Belti

Belti ni pete nyembamba ya mpira inayotoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu zito lililo chini ya mhimili. Ikilegea, mwendo unapungua na kizungushio kinakosa nguvu. Ikizeeka sana huyeyuka na kuwa lami nyeusi inayonata vidole, na lami hiyo lazima isafishwe kwenye kila gurudumu kwa spiriti na kitambaa, hata kama itakuchukua jioni nzima, kwa maana belti mpya juu ya lami ya zamani itateleza.

Kupata kipimo, zungusha uzi pale belti inapopita, upime, halafu tafuta belti fupi kidogo kuliko hapo, kiasi cha asilimia 5, ili ikae imekaza. Ikikaza kupita kiasi mota itaumia. Rababendi ya kufungia noti haifai. Haina unene ulio sawa na sauti itayumba kila ikizunguka.

Hedi ikikaa mshazari

Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi, mara nyingi imefungwa kwa tone la rangi. Inainamisha hedi. Mistari ya hedi inatakiwa isimame wima kabisa kwenye utepe. Ikiinama kwa unywele tu, trebo inaondoka hata hedi ikiwa safi. Deki zinazojigeuza mara nyingi zina skrubu mbili, moja kwa kila mwelekeo.

Usiiguse mpaka usafi umeshindwa na kaseti kadhaa zimekupa jibu lilelile. Ukilazimika, weka alama ya wino mahali ilipo, ingiza kaseti ya kiwandani, ile iliyonunuliwa ikiwa imerekodiwa, na si ya kunakiliwa nyumbani. Geuza kidogo kuliko unavyodhani, chini ya robo ya mzunguko, kushoto, kisha kulia, ukisikiliza matoazi au sauti ya "s" ya mwimbaji. Pale inapokata vizuri zaidi ndipo pake. Tone la rangi ya kucha, na umemaliza. Bisibisi iwe isiyo na sumaku.

Kuna pia kuondoa usumaku kwenye hedi kwa kifaa maalumu kinachotumia umeme wa nyumbani. Ukikipata, redio iwe imezimwa, kiwashe mbali, kisogeze polepole, kiondoe polepole, kizime kikiwa umbali wa karibu mita moja. Ukikizima kikiwa karibu na hedi umeitia usumaku zaidi ya ule uliokuwapo. Usipokuwa nacho, usijisumbue.

Kaseti nazo zinaua deki

Kaseti ya dakika 60 ina karibu mita 90 za utepe mnene kiasi. Ya dakika 90 ni nyembamba zaidi, bado inavumilika. Ya dakika 120 ina utepe mwembamba sana hivi kwamba kwenye gari, penye joto na mtikisiko, ndiyo ya kwanza kutafunwa. Ukiwa nayo, inakili nyumbani kwenye mbili za 60.

Wanaoishi Tanga, Mombasa, Unguja na pwani yote wakague ukungu. Tazama kwenye dirisha la kaseti: ukiona vumbi jeupe kwenye kingo za utepe uliosokotwa, usiiingize. Ukungu utahamia kwenye rola, na kutoka hapo kwenye kaseti zako zote. Angalia pia kile kipande cha sponji au kitambaa laini kilicho nyuma ya utepe katikati ya mdomo wa kaseti. Kikiwa kimedondoka, sauti itafifia, na utasafisha hedi bure. Hamisha ganda: kaseti ya skrubu tano hufunguliwa kwa dakika moja, ukahamishia utepe kwenye ganda zima.

Kaseti iliyolala miezi mingi ipeleke mbele hadi mwisho kisha irudishe, ndipo uipige. Utepe uliogandamana unaachia, na kizungushio hakilazimiki kuvuta kwa shida.

Na uziondoe kwenye dashibodi. Ganda linapinda kwa jua la saa sita, na kaseti iliyopinda haizunguki sawasawa. Mahali pengine pabaya ni lile bao la nyuma chini ya kioo, juu ya spika: jua linachoma kwa juu, sumaku ya spika iko chini yake.

Utunzaji wa kawaida

Safisha hedi, mhimili na rola kila baada ya saa 20 hadi 30 za kusikiliza. Kwa gari linalokula barabara ya vumbi vioo vikiwa wazi, fanya mapema zaidi. Kabla ya kuzima gari, toa kaseti kwanza. Deki nyingine hazirudishi rola nyuma ukizima ufunguo. Rola inabaki imebanwa kwenye mhimili usiku kucha, inapata bonde, na kesho yake sauti inaruka kila ikizunguka. Usiache mdomo wazi. Hata kile kifuniko kidogo kikivunjika, kipande cha plastiki kilichokatwa vizuri na gundi kidogo vinatosha kuzuia vumbi.

Deki isiyotumika ipe kazi dakika chache kila mwezi, mpira wa rola na belti ukae ukizunguka. Unaweza kuipa kazi hiyo kwa ile kaseti yenye waya wa kuchomeka kwenye simu: inaingia kama kaseti ya kawaida, na muziki wa simu unapita kwenye hedi kwa usumaku, bila utepe wowote kugusa kitu. Kwenye deki inayojigeuza, waya ukikaa vibaya itageuka na kukunyima sauti. Bonyeza kitufe cha kubadilisha upande, itarudi.